Kodi ya asilimia 15: kwanza jua boti yako iko wapi

Ami yangu ana nyumba ya wageni Langoni, Lamu. Vyumba vinne, na juu kuna dari la kunywea chai. Usiku mmoja alinipigia simu Malindi, sauti imemkauka. Amesikia redioni kwamba Kenya imeingiza kodi ya chini ya dunia, asilimia 15.

“Mwanangu,” akasema, “mimi na nti za Ulaya wapi na wapi? Wageni wenyewe msimu huu wamenijia saba.”

Nilicheka, kisha nikajuta kucheka, maana swali hilohilo nimeulizwa na mameneja wa hoteli wenye shahada zao ukutani. Mimi ni mhasibu. Nashika vitabu vya kampuni moja ya utalii hapa Malindi ambayo mama yake, yaani kampuni inayoimiliki, yuko Ulaya, na kodi hii imenitoa jasho hata kabla haijamtoa mtu shilingi. Kwa hiyo naandika kwa wanaofanya kazi kama yangu: wahasibu wa huku pwani, mameneja wa kampuni tanzu, na maafisa wa kaunti wanaoandika barua za kuwavutia wawekezaji.

Ami nilimjibu hivi. Kodi hiyo si yako. Inawahusu makundi ya kampuni za kimataifa ambayo mapato yao ya jumla, kampuni zote zikijumlishwa, yamefika yuro milioni 750 kwa mwaka katika angalau miaka miwili kati ya minne iliyotangulia. Kwa pesa yetu ni shilingi bilioni mia moja na ushei. Wewe, mauzo yako yakiwa kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, kodi yako ni ile ya mauzo, asilimia 3. Akashusha pumzi, akaanza kunilalamikia bei ya samaki.

Wapo wanaoichanganya na ile kodi ya chini ya mwaka 2021. Ile ilikuwa asilimia 1 ya mauzo ghafi, na iliwabana hata waliopata hasara. Mahakama Kuu ya Machakos iliifuta Septemba 2021 na Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo Desemba 2022. Ile imekufa na kuzikwa. Hii ni nyingine kabisa.

Ilikotoka

Kwa ufupi tu. Oktoba 2021 nchi 136 zilizokuwa zikijadiliana chini ya OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi tajiri) na G20 (kundi la nchi zenye uchumi mkubwa) zilikubaliana kwamba kundi kubwa lisilipe chini ya asilimia 15 ya faida yake katika kila nchi linakofanyia kazi. Likilipa pungufu, pengo lazima lizibwe. Kenya haikutia mkono siku ile. Nigeria, Pakistan na Sri Lanka nazo pia hazikutia. Lakini muundo wenyewe haungojei sahihi ya mtu. Kampuni ya Lamu ikitozwa asilimia 10 na mama yake yuko Italia, Italia ina haki ya kuzichukua zile tano zilizobaki. Nchi za Umoja wa Ulaya zilianza kutumia kanuni hizo kwa miaka ya hesabu iliyoanza kuanzia tarehe 31 Desemba 2023. Yaani msamaha tuliompa mwekezaji hapa unaishia kuwa zawadi kwa hazina ya Roma.

Nadhani ndiyo sababu nasi tukageuka. Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Kodi ya 2024 ilileta kodi yetu wenyewe ya nyongeza, ikaanza tarehe 27 Desemba 2024. Kundi linalofikia kile kiwango cha yuro milioni 750, kiwango chake halisi cha kodi Kenya kikiwa chini ya asilimia 15, linajazia hapahapa. Na tarehe ya mwisho ya kulipa ni mwisho wa mwezi wa nne baada ya mwaka wa hesabu kufungwa. Mwaka wako ukiisha Desemba, andika 30 Aprili kwenye kalenda ya ukutani kwa wino mwekundu.

Jua wewe ni wa nani

Kazi ya kwanza ni hii, na watu wengi huiruka. Usitazame bango la langoni. Malindi kuna hoteli zenye majina ya nje ambazo ni mali ya familia za hapahapa. Jina limekodiwa na mkataba wa uendeshaji umetiwa sahihi, basi. Hoteli kama hiyo si mwana wa lile kundi. Na kuna kampuni zenye majina ya Kiswahili safi ambazo hisa zake zote ziko Ulaya.

Kipimo ni hesabu zilizounganishwa, yaani hesabu za kundi zima zikiwekwa pamoja. Mwandikie mhasibu wa kampuni mama, muulize mambo mawili tu: je, hesabu zetu zinaunganishwa na zenu mstari kwa mstari? Na mapato ya kundi zima kwa miaka minne iliyopita ni kiasi gani? Majibu yawe kwa maandishi, uyaweke kwenye faili. Ikiwa kundi halifikii kiwango, kazi yako imekwisha kwa mwaka huu. Kanywe chai.

Wapo pia walioachwa nje hata wakiwa wakubwa: taasisi za serikali zisizofanya biashara, mifuko ya pensheni, mashirika ya kiserikali ya kimataifa. Na kwa jirani zetu wa bandari ya Lamu kuna jambo zuri la kujua. Kanuni za dunia haziingizi katika hesabu mapato ya meli zinazosafirisha mizigo au abiria katika safari za kimataifa, mradi uendeshaji wa meli hizo ufanyike kweli katika nchi inayohusika. Mwenye meli na mwenye gati hawahesabiwi sawasawa. Anayepakua makontena na kukodisha ghala pale Kililana asijifunike shuka la mwenye meli.

Kampuni mama ikiwa ya Marekani, hapo pana kona. Juni 2025 zile nchi saba tajiri za G7 zilitangaza kuelewana kwamba makundi ya Kimarekani yasitozwe kwa zile kanuni zinazoiruhusu nchi moja kuziba pengo la kodi lililobaki katika nchi nyingine, kama Italia na kampuni ya Lamu. Lakini kodi za nyongeza za ndani kama yetu hazikuguswa. Usikubali bosi akwambie “sisi ni Wamarekani, haituhusu.”

Hesabu yenyewe, kwa kalamu na karatasi

Nitoe mfano wa kubuni. Kundi lina kampuni moja katika eneo maalum la kiuchumi, ambako kiwango cha kodi ni asilimia 10 kwa miaka kumi ya kwanza. Imepata faida ya shilingi milioni 400, imelipa milioni 40. Kiwango halisi ni asilimia 10, pengo ni asilimia 5.

Lakini ile tano haitozwi kwenye faida yote. Kwanza unapunguza sehemu ya mishahara na sehemu ya mali inayoshikika: majengo, mashine, magari, boti, ardhi. Kanuni za dunia zilianza na asilimia 10 ya mishahara na 8 ya thamani ya mali katika vitabu, zinashuka kidogo kidogo kila mwaka hadi kufika 5 na 5. Tutumie 10 na 8. Mishahara ya mwaka ni milioni 120, asilimia 10 yake ni milioni 12. Mali ina thamani ya milioni 600, asilimia 8 yake ni milioni 48. Jumla milioni 60. Faida inayobaki ni milioni 340, na asilimia 5 yake ni milioni 17. Hiyo ndiyo kodi ya nyongeza.

Sasa ongeza kampuni dada Nairobi yenye faida ya milioni 200, inayolipa asilimia 30 kama kawaida, yaani milioni 60. Hesabu hufanywa kwa nchi nzima, haifanywi kampuni moja moja. Jumla ya faida milioni 600, jumla ya kodi milioni 100. Kiwango halisi kinakuwa asilimia 16 na ushei. Pengo hakuna, nyongeza ni sifuri.

Nimeona watu wakikesha kupiga hesabu ya kampuni yao peke yake, wakaogopa bure, kumbe dada wa Nairobi amewafunika. Kabla ya kuogopa, orodhesha ndugu zako wote walioko Kenya.

Kitu kingine kinachokoroga watu ni tofauti ya aliyecheleweshewa deni na aliyesamehewa. Ukinunua kreni na sheria ikakuruhusu kuikata gharama yote mwaka wa kwanza, kodi utakayolipa mwaka huo inaweza kuwa sifuri. Lakini utailipa baadaye, na vitabu vyako tayari vimeonyesha kodi iliyoahirishwa. Kanuni za dunia huihesabu kodi hiyo iliyoahirishwa, kwa kiwango kisichozidi asilimia 15, kwa hiyo kreni peke yake haikuletei nyongeza. Msamaha wa miaka kumi ni jambo jingine. Pesa hiyo haitalipwa kesho wala keshokutwa, na pengo linabaki wazi. Kwa sababu hiyo mhasibu anayeshika kodi iliyoahirishwa, ambaye ofisini kwetu zamani tulimkumbuka mara moja kwa mwaka, sasa ndiye anayetafutwa kwanza.

Mishahara na mali: hapa ndipo kazi ilipo

Nikwambie yaliyonipata. Machi 2025, katikati ya Ramadhani, nilikuwa Lamu kwa mama. Alhamisi jioni, sambusa zimeshatoka kwenye karai, barua pepe ikaingia kutoka kampuni mama. Wanataka takwimu za mwaka 2024: mishahara, mali, kodi ya sasa, kodi iliyoahirishwa, kwa mpangilio wao. Zifike Jumatatu. Ijumaa nikavuka Mokowe kwa boti, nikapanda basi, kompyuta mapajani, na kutoka pale hadi Witu mtandao ulikuwa ukija na kukata.

Mishahara nilidhani ni kazi ya dakika kumi. Orodha ya mishahara ilikuwepo, michango ya mwajiri ilikuwepo. Wasiokuwepo walikuwa vibarua. Msimu ukichanganya tunachukua watu kama thelathini: wa kusafisha boti, wa kubeba mizigo, wa jikoni. Wanalipwa Jumamosi kwa vocha kutoka kasha la pesa ndogo ndogo, na gharama yao miaka yote ilikuwa ikiingia chini ya “matengenezo na mengineyo.” Nani aliianzisha desturi hiyo sijui, mimi niliikuta. Sasa, kanuni zinaruhusu kuhesabu hata watu wasioajiriwa rasmi ikiwa wanafanya kazi za kawaida za kampuni chini ya usimamizi wake. Wale thelathini walikuwa haki yetu kuwahesabu. Nusu ya vocha zilikuwa na alama ya kidole na jina moja tu: “Said”, “Kazungu”, “Said” mwingine. Ukiulizwa na mkaguzi, utamwonyesha Said yupi?

Mali ndiyo iliyonitia aibu. Katika rejista kulikuwa na boti ya kupelekea wageni kwenye matumbawe, yenye thamani ya vitabu ya shilingi milioni mbili na kitu. Nikamuuliza nahodha wetu, mzee wa watu, picha yake iko wapi niiweke kwenye faili.

“Boti gani, bibi?”

Nikamtajia namba.

“Hiyo si ndiyo iliyopasuka kwenye kusi, mwaka juzi? Mbao zake tulizichomea lami.”

Miaka miwili nimeipigia uchakavu boti ambayo imekwisha kuwa majivu. Na kinyume chake, jenereta mpya iliyoko nyuma ya jikoni haikuwa popote kwenye rejista, maana ilinunuliwa na kampuni mama moja kwa moja na ankara ikabaki Ulaya. Upande mmoja nilikuwa nadai punguzo kwa kitu ambacho hakipo, upande mwingine naacha punguzo la kitu kinachonguruma usiku kucha.

Basi, fanya hivi kabla mwaka haujafungwa. Chukua rejista, tembea nayo. Gusa kila kitu kwa mkono. Kilichokufa kiandikie kifo chake na tarehe. Kilichopo na hakimo, tafuta ankara. Thamani inayotakiwa ni wastani wa mwanzo na mwisho wa mwaka, kwa hiyo tarehe ya kununua na ya kutupa zina uzito. Vitu mlivyokodi mkavitumia wenyewe navyo vinahesabika, lakini nyumba mliyoiweka ya kupangisha haimo. Kwa vibarua, fungua daftari lenye jina kamili, namba ya kitambulisho, siku na kazi aliyofanya, na uwape kifungu chao katika leja, watoke kwenye “mengineyo.”

Angalia pia faida yenyewe inatoka kitabu gani. Kanuni zinaanza na faida ya kihasibu iliyotumika kuandaa hesabu za kundi. Ile faida ya kikodi tunayojaza iTax, mtandao wa mamlaka ya kodi, ni nyingine. Ukizichanganya, kiwango chako halisi kitatoka cha ajabu.

Geti la mkato

Kwa miaka hii ya mwanzo kanuni za dunia zina mlango wa kupita bila hesabu ndefu, kwa kutumia ile taarifa ya nchi kwa nchi ambayo makundi makubwa huwasilisha, inayoonyesha mapato, faida na kodi yao katika kila nchi. Ikiwa mapato ya kundi katika nchi ni chini ya yuro milioni 10 na faida chini ya yuro milioni 1, nyongeza inahesabiwa kuwa sifuri. Au kiwango cha kodi kilichopigwa kwa hesabu rahisi kikifika asilimia 15 kwa mwaka 2024, 16 kwa 2025, 17 kwa 2026, pia unapita. Kampuni nyingi za Malindi zenye mama mkubwa nadhani zinapita kwenye ule mlango wa kwanza. Lakini huo ni mlango wa kanuni za dunia, na sheria ya Kenya ina maneno yake. Usiende nao KRA, mamlaka yetu ya kodi, kifua mbele kabla mshauri wako wa kodi hajakusomea kifungu.

Mkaguzi wa hesabu naye atauliza. Tangu Mei 2023 viwango vya kimataifa vya uhasibu vinataka kampuni iliyo ndani ya kanuni hizi ieleze katika hesabu zake jinsi inavyoguswa. Aya mbili tatu zinatosha, lakini ziwe za kweli. Nimewahi kuletewa aya zilizonakiliwa kutoka kampuni nyingine, na jina la nchi nyingine halijafutwa.

Upande wa serikali

Serikali inayojiandaa vizuri huanza kwa kuorodhesha misamaha yote iliyokwisha kutoa: nani alipewa, ya miaka mingapi, kwa sheria gani au kwa mkataba gani. Mikataba ndiyo yenye miiba. Mingine ina kifungu kinachosema sheria ikibadilika mwekezaji hataguswa. Ukimtoza nyongeza anakwenda mahakamani, usipomtoza pesa inachukuliwa na nchi ya mama yake. Vifungu hivyo ni vya kuzungumzwa upya sasa, wakati ambapo mwekezaji mwenyewe hana cha kupoteza. Kwake asilimia 15 inalipwa kwa vyovyote, kilichobaki ni nani anaipokea.

Pili, kodi ya ndani lazima iandikwe ili nchi nyingine ziikubali. Kuna utaratibu wa nchi kukaguana sheria zao. Kodi ikitambuliwa, nchi ya mama inaiheshimu. Isipotambuliwa, kampuni inaweza kujikuta katikati ya watozaji wawili. Tatu ni watu. Taarifa za makundi haya hubadilishwa kati ya mamlaka za kodi, na taarifa bila mtu wa kuisoma ni karatasi tu. Afisa anayeweza kupitia kodi iliyoahirishwa ya kundi la nchi arobaini hapatikani kwa semina ya siku mbili hotelini, hata hoteli iwe ya kwetu.

Kaunti za Lamu na Kilifi hazitozi kodi ya mapato, lakini zinawavuta wawekezaji. Nimesoma barua zao. Nyingi bado zinatanguliza msamaha wa kodi, na msamaha wa kodi kwa kundi la yuro milioni 750 siku hizi ni ahadi yenye tundu. Tazama tena ule mfano wangu: kilichopunguza kodi kilikuwa mishahara na mali. Mwenye kuajiri watu wengi na kujenga vitu vinavyoshikika anapata nafuu halali, na mwenye ofisi ya chumba kimoja na sanduku la posta hapati. Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021. Anayetaka kujenga karibu nalo nadhani angeuliza maji, umeme, hati ya shamba isiyo na kesi, na vijana waliofunzwa kuendesha kreni. Barua ya kaunti ingeanza hapo, mimi ningeiamini zaidi.

Na kama msamaha wa kodi lazima utolewe, kuchelewesha ni bora kuliko kusamehe, kwa sababu ile niliyoieleza ya kreni. Ruzuku ya kodi ambayo serikali humrudishia mwekezaji taslimu ndani ya miaka minne nayo huhesabiwa kama mapato ya kampuni badala ya kupunguza kodi yake, kwa hiyo haimshushi sana kiwango. Ila ruzuku inataka serikali yenye pesa mkononi, na hilo mnalijua wenyewe.

Siku hizi, ifikapo Novemba, kabla watalii wa Krismasi hawajajaa, mimi na nahodha tunashuka ufukweni na rejista. Yeye anataja, mimi natia alama. Mwaka huu tulipofika kwenye boti ya sita akasimama, akaitazama, akanitazama.

“Hii iandike upesi, bibi,” akasema, “kabla ya kusi.”